Mshenga wa Mihogo

Wiki tatu zilizopita tulimuaga Dakta Mgaya. Amestaafu, ana afya yake, na kwa hotuba aliyoitoa siku hiyo bado ana pumzi za kuendesha wizara nzima. Alipofika kwenye habari za Mafia akaninyooshea kidole mbele ya watu wote, akasema, "Yule pale nilimwambia, Rukia, waulize kina mama. Akawauliza, na kanzidata yetu ikapata sura." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, maana ni mwalimu wangu na keki ilikuwa bado haijakatwa. Lakini moyoni nilikuwa nachemka kwa kicheko, kwa sababu maneno aliyoniambia mwaka ule hayakuwa hayo hata kidogo. Aliniambia nimechanganya sampuli na kwamba kazi yangu yote anaifuta. Nimeona niandike mwenyewe yalivyokuwa, kabla hotuba haijageuka historia. Ya nilikozaliwa na nani alinisomesha nayaacha, hayahusu hapa. Itoshe kujua kwamba nilikuwa na miaka thelathini na moja, mtoto wa mjini Tanga, niliyeujua mhogo ukiwa umeshakaangwa na kutiwa pilipili.

Chumba changu kilikuwa juu ya duka la Bi Shirin, Kilindoni, kwenye njia inayoteremka bandarini. Babu zake Bi Shirin walitoka Kachi, lakini yeye alizaliwa hapo hapo dukani, na akiitwa Mhindi alijibu, "Mhindi gani anayekuna nazi namna hii?" Aliuza misumari, kanga, ubani, vyandarua na seti za vyombo vya harusi, vyote katika chumba kimoja, na alijua kila kimoja kilipo bila kutazama. Sakafu yangu ndiyo iliyokuwa dari yake: mbao kuukuu zenye nyufa, kiasi kwamba harufu ya vitunguu ilipanda kwanza, kisha zikapanda sauti zote, za kuvutana bei, za salamu, za wanaosengenya na za wanaosengenywa wakiingia ghafla. Nilikuwa na kitanda cha kamba, meza, kompyuta, na modemu niliyoifunga kwa uzi wa mshipi kwenye nondo ya dirisha, maana hapo tu ndipo mtandao ulipopatikana. Ukiisogeza shubiri moja, dunia inakatika. Mchana Bi Shirin aliniita kwa kugonga dari na mpini wa ufagio, nikashuka kula naye nyuma ya duka: Ijumaa pilau, Jumatatu kichri na mtindi, na siku zilizobaki mhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Akimenya mhogo alikuwa ananionyesha mabaka ya kahawia ndani yake, anayakata kwa kisu na kuyasukuma upande wangu wa sinia. "Watoto wako hawa," alisema. "Waandike."

Na kweli kazi yangu ilikuwa kuwaandika. Dakta Mgaya alikuwa na ndoto ambayo wenzake bara waliicheka: kanzidata ya mtandaoni ya virusi vinavyokula mazao yetu, ambamo mtu yeyote, awe Mtwara au Brazili, angeweza kuleta kirusi alichokikuta shambani kwake na kujibiwa papo hapo kwamba huyu ni wa ukoo fulani, ndugu zake ni hawa, makao yake ni pale. Mimi nilipewa ukoo wa virusi vya mhogo, vile vinavyoleta ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ni ugonjwa wa kinafiki. Mti unasimama vizuri, majani yanapendeza, ukichimbua mzizi umeoza. Kirusi chenyewe hakina sura ya kukitambulisha. Ni mnyororo wa herufi nne tu zinazorudiwarudiwa maelfu ya mara. Lakini ukilaza minyororo miwili sambamba na kuhesabu zinapotofautiana, unajua kama hawa ni ndugu tumbo moja, au binamu, au wamepishana tu njiani, na kompyuta inakuchorea nasaba yao yote kwenye kioo. Leo watoto wa shule wanajua haya. Mwaka ule mimi nilikuwa naamka alfajiri na kusahau kunywa chai kwa hamu ya kuyaona. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyoipenda kanzidata ile ikiwa bado mifupa mitupu.

Dakta aliichagua Mafia iwe jaribio la kwanza. "Kisiwa kidogo, majibu rahisi," alisema. Hesabu yake ilikuwa hii: wanaobeba kirusi kutoka mti hadi mti ni nzi weupe, wadudu wadogo wanaorukaruka shamba hili na la jirani, hawawezi kuvuka maji. Basi virusi vya Chole vitakuwa ndugu wa Chole, vya Bweni ndugu wa Bweni, kila kijiji na ukoo wake, na siku ya kufungua kanzidata mbele ya wakubwa tutawaonyesha mchoro safi usio na maswali. Nilizunguka kisiwa kizima na Tatu, bibi shamba wa wilaya, mzaliwa wa Kirongwe, aliyeendesha pikipiki huku baibui kalikunja mpaka magotini na kumsalimia kila mtu kwa jina bila kupunguza mwendo. Tulichukua majani kwenye mashamba sitini, tukayakausha katikati ya magazeti, nikayatuma maabara bara. Kila shamba nilijaza fomu: namba, kijiji, tarehe, jina la mwenye shamba. Tulikuwa tumeelekezwa kuandika jina la mkuu wa kaya. Kwa hiyo mama ndiye aliyetupeleka shambani, mama ndiye aliyechimbua na kutuonyesha palipooza, kisha tukamngoja baba aitwe kutoka barazani aje kutaja jina lake, nikaliandika. Wakati mwingine baba hakujua hata mpaka wa shamba uko wapi. Sikuliona hilo kuwa jambo.

Herufi zilirudi kutoka maabara baada ya miezi, kwa njia ya mtandao, asubuhi moja ya jua kali. Faili lilishuka kidogo kidogo, na mimi nimeshika modemu kwa vidole viwili nisipumue. Lilipoingia lote nikaiamuru kompyuta ichore nasaba. Matawi yakaanza kuchomoza. Nilipiga kelele ya furaha, Bi Shirin akagonga dari kuuliza kuna nini. Kisha nikaanza kusoma majina kwenye ncha za matawi na furaha ikaniishia mdomoni. Kirusi cha Jibondo, kisiwa kikavu ambacho hata maji ya kunywa yalikuwa yakipelekwa kwa chombo, kilikaa tawi moja na virusi vya Bweni, kule ncha ya kaskazini kabisa. Utende ilikuwa imejipachika kwa ndugu wa kijiji cha Kanga. Mashamba mawili ya Chole yaliyotenganishwa na ua wa makuti hayakuwa na udugu wowote. Zaidi ya nusu ya sampuli zangu zilikaa kwa watu, kwenye matawi ya vijiji visivyo vyao.

Dakta Mgaya aliuona mchoro ule ule huko alikokuwa, na simu ikalia kabla sijainuka mezani.

"Shikamoo Dakta."

"Marahaba. Rukia, nzi wako wana pasipoti?"

Nikajaribu kucheka.

"Sikutanii. Hii si nasaba, hii ni kachumbari. Umechanganya sampuli. Kanzidata inafunguliwa baada ya siku kumi na mbili, na siwezi kuweka uchafu ndani yake siku ya kwanza. Nisipopata maelezo ya maana naifuta Mafia yote, na wewe utarudi huku uchape orodha za wenzako."

"Nilikuwa mwangalifu, Dakta."

"Kila mtu ni mwangalifu mpaka siku ya majibu."

Kilichoniumiza si ukali wake. Kilichoniumiza ni kwamba sikuwa na uhakika wa kumbishia. Siku tuliyovuka kwenda Chole, wakati wa kurudi maji yalikuwa yametoka, tukashuka kwenye chombo mbali na ufuko na kutembea kwenye matope, na mimi nikateleza nikakaa kitako na begi langu. Majani yalikuwa kwenye plastiki, hayakupata kitu. Lakini karatasi za namba, za sampuli za Chole za siku ile na za Baleni za jana yake, zililowa na wino ukatiririka, na mchana ule niliziandika upya kwa kukumbuka. Nilijiambia nakumbuka vizuri. Sasa, nikiwa nimekaa kitandani na simu mkononi, niliikumbuka siku ile nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Ikiwa nilikosea pale, nilikosea wapi kwingine? Siku tatu sikushuka kula. Bi Shirin alileta sinia hadi mlangoni, akaliweka, akashuka bila kuniuliza neno, na kwa mwanamke yule kutouliza lilikuwa jambo zito.

Siku ya nne, saa nne hivi za asubuhi, nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya mbao nikisikia ya dukani kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Aliingia Bi Kidawa wa Utende. Nilimjua, shambani kwao nilichukua sampuli. Alikuja kununua jembe, lakini jembe lilisahaulika mara moja.

"Mwaka wa pili huu, Shirin! Mwaka wa pili! Yule mke wa mwanangu kaja kwangu mikono mitupu."

"Si mlipewa vyombo? Mimi mwenyewe ndiye niliyeviuza."

"Vyombo vinaliwa? Nasema mhogo. Hata pingili moja ya kwao hajaleta. Wenzake wote wamekwenda kwa mama zao, wamekata vipando, wamekuja kupanda kwa waume zao. Yeye anapanda vyangu. Kwao hawana shamba?"

"Labda mama yake kamnyima."

"Mama gani wa kisiwa hiki atamnyima mwanawe mbegu? Mimi nilipoolewa nilitoka Kanga na mzigo wa vipando, mama yangu kaufunga kwa mkono wake. Mpaka leo mume wangu anakula mhogo wa mkwewe."

Nilikaa. Kanga. Nilikwenda kwenye kompyuta kwa magoti, nikatafuta namba tisa, kijiji Utende, mwenye shamba mume wa Bi Kidawa. Ilikuwa imekaa katikati ya virusi vya Kanga, imejibana kwa ndugu zake. Sikumbuki ngazi. Nakumbuka niko dukani peku, kichwa wazi, na wale wanawake wawili wananitazama.

"Shikamoo Bi Kidawa. Mhogo wako umetoka Kanga?"

"Marahaba. Nimesema umetoka kwa mama."

"Na mama yako yuko Kanga?"

"Yuko kaburini. Shamba ndilo liko Kanga." Akamgeukia Bi Shirin. "Huyu anaumwa?"

"Siku ya nne leo," Bi Shirin akasema. "Naona kapata nafuu."

Nilimkumbatia Bi Kidawa na jembe lake. Kisha nikakimbia ofisi ya kilimo kumtafuta Tatu, nikamkuta anakula andazi juu ya pikipiki.

"Tatu, wewe ulikuwa unajua kwamba wanawake wakiolewa wanabeba vipando vya kwao?"

"Nani asiyejua? Mimi wangu ulitoka Kirongwe. Mwezi wa mvua wa kwanza baada ya harusi unakwenda kwa mama, anakuchagulia miti iliyomlea, unapanda kwa mume. Ndiyo watu wanajua una kwenu."

"Mbona hukuniambia?"

Aliifikiria fomu yangu huku akitafuna. "Hukuuliza, shoga. Uliuliza jina la mwanamume."

Hasira zilinipanda, kisha nikaangua kicheko, na Tatu akacheka kwa kuniona nacheka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ujinga wangu mimi ulikuwa kudhani nimeshauliza. Nzi weupe walikuwa wanafanya kazi yao ndogo ya jirani kwa jirani, lakini safari ndefu, zile za kuvuka maji, virusi vilikuwa vinasafiri na maharusi, ndani ya vipando vizuri vilivyochaguliwa na mama, na hakuna aliyejua kwa kuwa ugonjwa ule mti hauonyeshi. Zilikuwa zimebaki siku nane. Tulitia mafuta pikipiki.

Sijawahi kuwa na siku nane kama zile, wala sidhani kama nitazipata tena. Tulirudi kwenye kila shamba, safari hii hatukumngoja baba. "Mama, uliolewa kutoka wapi? Vipando vyako alikupa nani?" Habari zilitutangulia. Tulipofika Baleni walikuwa wameshanipa jina, Mshenga wa Mihogo, na mama mmoja alinishika mkono akanipeleka kwa binti yake aliyekuwa anasuka ukili. "Huyu mwandike kabisa, hajapata mchumba, na mhogo wetu ni mtamu." Kila jioni nilirudi na daftari, nikalilinganisha na nasaba, na kila jibu lilikwenda kukaa mahali pake. Anasema Bweni, kirusi kinasema Bweni. Anasema Juani kwa shangazi aliyemlea, kirusi kinasema Juani. Nilikuwa nacheka peke yangu. Bi Shirin alianza kungoja matokeo dukani kama watu wanavyongoja mpira, nami nikimwambia, "Imeingia!" anapiga meza ya duka kwa kiganja.

Wa Jibondo aliitwa Mwanaidi. Alikuwa na mashina kumi na mawili tu nyuma ya nyumba, kwenye kijiudongo chembamba juu ya jiwe, akiyamwagilia maji aliyooshea vyombo. Mume wake alikuwa fundi wa majahazi, na nyundo yake ilisikika kutoka ufukweni muda wote tuliozungumza. Alisema watu walimcheka siku aliyoingia Jibondo amekaa kati ya mapipa ya maji na mzigo wa vipando mapajani. Nani alime Jibondo? Lakini mama yake, kule Bweni, alisema mtoto wangu hatoki mikono mitupu, hata kama anakwenda kukaa juu ya jiwe. Mama alikwisha kufa. Nilijua la kumwambia na sikutaka kulisema, ila Tatu alinikanyaga mguu, nikasema: kwamba ugonjwa unaoozesha mihogo yake umetoka kwenye vipando vile vile. Mwanaidi aliinama. Akaigusa miti yake mmoja baada ya mwingine.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akacheka kwa pua. "Sasa niing'oe?"

"Tutakuletea vipando safi."

"Vya nani?"

Mpaka leo najua jinsi ya kumpa mkulima mbegu isiyo na ugonjwa, lakini swali la Mwanaidi bado linanishinda. Aliing'oa kumi na mmoja na kuuacha mmoja, akatuambia kabisa kwamba anauacha, tusijisumbue kumsihi.

Siku moja kabla ya kufunguliwa nilikuwa nimelinganisha sampuli zote, na zote zilikuwa na maelezo isipokuwa mbili. Namba ishirini na saba ilikuwa ya Baleni, na kirusi chake kilisema Chole. Namba thelathini na moja ilikuwa ya Chole, na kirusi chake kilisema Baleni. Mama wa Baleni alizaliwa Baleni, na mama yake pia, na bibi yake. Wa Chole hajawahi kupanda kitu kisicho cha Chole. Niliwauliza mara mbili mbili wakanikasirikia. Hapakuwa na ndoa hapo. Palikuwa na begi langu, matope, na wino uliotiririka. Nilikaa dirishani nikiitazama fomu. Hakuna aliyekuwa anajua ila mimi. Ningeandika kwenye daftari kwamba kipando kilitoka kwa shangazi, nani angevuka maji kwenda kuhakiki shangazi? Hesabu ingetimia sitini kwa sitini, na Dakta Mgaya angekosa pa kushika. Nilikitamani kitu kile, sitasema uongo. Na nikimwambia nimekosea mbili, mtu yule mkali angeshindwaje kusema basi zote? Mkono wangu ulikwenda kwenye kalamu, ukarudi. Mwishowe nikachukua simu kabla sijapata akili nyingine.

"Shikamoo Dakta."

"Marahaba. Enhe?"

"Ulisema nimechanganya sampuli. Ni kweli, nimechanganya mbili. Ishirini na saba na thelathini na moja. Namba zililowa, nikaziandika upya kwa kukumbuka, nikazigeuza. Zifute."

"Na zile nyingine zote zilizokaa ovyo?"

"Zile ni ndoa."

"Ni nini?"

Nikamweleza. Nilieleza upesi upesi, nikirudi nyuma, nikitaja Kanga na Bi Kidawa na Jibondo na mapipa ya maji, na yeye hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Nilipomaliza nilisikia anafungua faili lenye majibu ya kina mama nililomtumia papo hapo. Alikaa nalo muda mrefu. Simu ilipata joto sikioni kwangu.

"Hizo mbili ungeninyamazia nisingejua," alisema.

"Najua."

"Hamsini na nane zinaingia kesho." Akakohoa. "Na lazima tuongeze safu mpya kwenye fomu. Tuiiteje? Kipando kilitoka wapi?"

"Kipando kilitoka kwa nani."

"Si wapi?"

"Kwa nani, Dakta."

Nikasikia anaandika. Nilishuka dukani, nikamwambia Bi Shirin imeingia, yote, na nikalia kwa furaha juu ya gunia lake la mchele mpaka wateja wakampa pole wakidhani nimefiwa.

Kanzidata ile leo ina virusi vya nchi nyingi nisizozijua, na safu yetu ya "kwa nani" hujazwa na watu wasiowahi kuisikia Jibondo. Miaka michache baadaye wataalamu wapya wa kompyuta walitaka kupanga namba za Mafia upya ili zifuatane vizuri. Niliwakatalia. Walinibembeleza, wakaniita mkaidi, nikakubali jina. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa Mafia utahesabu mpaka ishirini na sita, kisha utaona ishirini na nane. Utafika thelathini, utaruka hadi thelathini na mbili. Pale palipo patupu ndipo nilipokosea mimi. Zilizobaki zote ziamini.